Jibu refu: mwani wa mapambo utakaosalimika mbele ya tasi na kangaja

Mkuu, kwa ufupi umeuliza hivi: una tangi la maji chumvi la lita 400, ndani yumo tasi mmoja, kangaja mmoja wa milia na kangaja mwingine wa mapezi mapana kama tanga, na unataka mwani wa kupamba mawe ambao hawataumaliza. Mafungu mawili ya mwani mwekundu yameshaliwa. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe. Samaki hawa nawafuga Dar mwaka wa tisa sasa, na mwani niliujua kabla sijaijua shule.

Mimi ni mtu wa Jambiani. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, na mama yangu aliingia mapema. Bamvua likifika na maji yakipwa, tulikuwa tunafuatana naye hadi kwenye vigingi tukikagua kamba moja baada ya nyingine. Siku ambayo tasi wamepita huhitaji kuambiwa: ncha changa zote zimekatwa sawasawa, utadhani mtu kapita na mkasi, yamebaki mashina. Hawakung'oa wala hawakuvuruga. Walichagua kilicho laini. Hilo ndilo la kwanza ninaloomba ulishike, kwamba tasi anafuata ulaini. Ukimwekea mwani laini umemwandalia chakula, hata kama dukani uliuziwa kwa jina la pambo.

Kwa maelezo yako, huo mwekundu ni Gracilaria. Usiununue tena kwa kupamba. Wangu ulikaa siku mbili. Ulva, ule wa majani mapana kama saladi, haukumaliza saa nzima. Halymenia ni mzuri mno, mwekundu unaowaka kama kaa la moto, na unaliwa vilevile. Hata mwani wa shamba wa kule kwetu nilijaribu. Nilileta kichane kimoja cha spinosum kwenye ndoo, na tasi akafanya palepale nilichokuwa nakiona utotoni: akala ncha kwanza, akarudi kwenye mashina.

Unaosalimika ni ule wenye kinga. Kinga zenyewe ni tatu: chokaa mwilini, sumu kwenye majimaji yake, au ngozi ngumu. Halimeda ina mbili za kwanza kwa pamoja, ndiyo maana kwangu ndiyo mfalme.

Umewahi kuiona bila kujua jina lake. Ni visahani vidogo vya kijani vilivyoungana kama shanga, na vikifa huwa vyeupe na vigumu. Sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu imetokana na visahani hivyo. Kwa tangi lako tafuta Halimeda opuntia, inayokaa kwenye mawe kwa kichaka kilichoshikana. Halimeda macroloba ni kubwa na inapendeza zaidi, lakini inashika mchangani kwa kibonge chake cha mizizi. Ukiichomoa kibonge kikapasuka, kwangu haijawahi kupona.

Kuna kitu cha Halimeda ambacho mpaka leo kinaniamsha mapema. Visahani vipya inavitoa usiku, wakati samaki walao majani wamelala mapangoni. Washa tochi ndogo alfajiri kabla taa za tangi hazijawaka, utaona kwenye ncha za kichaka visahani vidogo vyeupe pe, laini, kama kucha za mtoto mchanga. Havina chokaa ya kutosha bado, kinga yao ni sumu. Jua la taa likipanda vinageuka kijani na kuanza kukakamaa. Kichaka kizima nacho hupauka usiku, kwa sababu kijani chake hujivuta ndani, halafu asubuhi kinarudi. Usishtuke ukakitupa. Cha kukutia wasiwasi ni weupe wa mchana usiorudi. Hapo kichaka kimezaa na kimekufa, kitoe siku hiyohiyo.

Kwa kuwa inajenga chokaa, Halimeda inakula kalsiamu na alkaliniti (akiba ya maji ya kuzuia asidi) kama matumbawe. Mimi naweka kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, alkaliniti kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH, na napima kila wiki. Kichaka kikinona, alkaliniti inashuka haraka kuliko unavyodhani. Ukiona visahani vipya vinatoka vyembamba na vidogo, pima hapohapo, usingoje Jumapili.

Mwani mwingine wa chokaa ni Udotea, wenye umbo la kipepeo cha mkono, na Padina, ule wa feni zilizojikunja zenye mistari myeupe, tele kwenye miamba yetu maji yakipwa. Udotea tasi wangu hakuigusa, ila inakua taratibu mno. Padina ina chokaa kidogo tu, kwa hiyo anaidonoa pembeni. Kwenye ngozi ngumu kuna Turbinaria, ile ya tarumbeta zenye miiba. Samaki waliiacha kabisa, lakini haikupenda tangi, ikaoza baada ya miezi miwili. Dictyota nayo hailiwi, na baadhi yake hung'aa bluu chini ya taa hadi wageni wanauliza. Lakini ikishashika jiwe kila kipande kilichokatika kinakuwa kichaka kipya, na ikifunika matumbawe utaichukia. Mimi nisingeiweka.

Sasa Caulerpa, mwani ambao watu watatu hapa jukwaani wameshakushauri. Nisome vizuri hapa.

Ni nzuri, inatambaa juu ya mawe, inakua hata kwa asiye na uzoefu, na ina sumu inayowafukuza samaki wengi. Lakini aina si zote sawa. Ile ya vishada kama zabibu tasi wangu aliila kama mchicha. Ile ya manyoya aliionja mara moja akaiacha. Tatizo langu halikuwa kuliwa. Caulerpa, hata ikitambaa mita nzima, ni seli moja tu ndefu. Ikizaa, inatoa kila kilichomo ndani yake kwa mkupuo mmoja, linabaki ganda. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimeiacha ikajaa, halafu wiki moja nikabadilisha maji mengi na kupunguza chakula. Asubuhi nakuta maji yamekuwa ya kijani yenye utusitusi, kioo cha nyuma hakionekani. Niliingiza mkono, mwani ukachanika vidoleni kama karatasi ya chooni iliyolowa. Kangaja wote walikuwa juu wanatafuta hewa. Nilitia pampu mbili za hewa, nikatoa mabaki yote, nikabadilisha karibu nusu ya maji na kuweka mkaa wa chujio. Kangaja mmoja alikufa kabla ya adhuhuri. Alikuwa na mimi tangu tangi lilipoanza, na bado naumia nikimkumbuka.

Ukiamua kuiweka hata hivyo, ivune kila wiki. Vuta tawi zima linalotambaa badala ya kukata vipande vipande, na usiyumbishe ghafla chakula, taa wala maji. Na unachokitoa usikimwage baharini wala mferejini. Anika juani mpaka kikauke kau, ndipo ukitupe. Caulerpa taxifolia iliyotoka kwenye matangi ilionekana baharini Monako mwaka 1984, ikatapakaa Mediterania. Mwaka 2000 ikakutwa kwenye wangwa karibu na San Diego, Marekani, ikabidi waifunike kwa maturubali na kuiua kwa klorini, na haikutangazwa kwamba imekwisha mpaka 2006. Walio Ulaya na Marekani wanaosoma hapa waangalie sheria za walipo. California ina marufuku ya Caulerpa.

Turudi kwa samaki wako, kwa sababu mdomo wa samaki ndio unaoamua. Kangaja wa milia anakwangua nyuzi fupi za mwani juu ya mawe, kichaka kikubwa hakimshughulishi sana. Yule wa mapezi mapana ana mdomo uliochongoka, anachomoa jani kutoka kwenye upenyo ambao hata kibano chako hakifiki. Yeye na tasi ndio mtihani wako. Nikwambie pia bila kukuficha: wa mapezi mapana anafika sentimita 40, na tasi wa kwetu anapita 30. Lita 400 ni za utotoni tu kwao. Panga mapema atakayewapokea au tangi kubwa zaidi. Siku ukianza upya ukitaka kangaja na bustani ya mwani pamoja, chukua wa jamii ya Ctenochaetus, wenye meno kama kitana. Hao wanachambua utelezi na takataka za juu ya mawe, majani hawana shida nayo.

Lakini hata Halimeda itaumia kama samaki wana njaa. Watu wengi wanatafuta mwani mgumu zaidi ilhali dawa ni kushibisha. Mimi nina tangi dogo la lita 60 chini ya kubwa, maji yanazunguka yote mawili. Humo ndimo liliko shamba: Chaetomorpha iliyojiviringa kama nywele ngumu, na Gracilaria ileile iliyokushinda wewe juu. Taa ya huko inawaka usiku ya juu ikizimwa, ili pH isishuke sana. Kila siku ya tatu nachukua konzi ya Gracilaria, naifunga kwenye jiwe dogo kwa uzi na kuishusha kwa tasi. Asubuhi nyingine nabana nusu karatasi ya mwani mkavu, ule wa kufungia sushi usiotiwa chumvi wala mafuta. Kibanio kiwe cha plastiki kitupu. Vibanio vya nguo vina waya, unashika kutu ndani ya wiki. Tangu nianze hivyo, vichaka vya juu vinadonolewa kwa udadisi tu.

Jambo la kinyume kidogo: usisafishe maji kupita kiasi. Mwani unahitaji kula. Nitreti ikiwa sifuri kabisa, Halimeda inasimama na shamba la chini linageuka rangi ya majani makavu. Mimi naiacha kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfeti karibu 0.05, na matone ya madini ya chuma mara moja kwa wiki.

Kuhusu kuchuma mwenyewe: visiwa vya Mbudya na Bongoyo hapa Dar ni hifadhi za bahari, usichukue kitu huko. Kwingine muulize kwanza ofisa uvuvi wa eneo lako, na chukua kipande kimoja kilichoshika kijiwe kidogo, kinatosha kuanzia. Kabla hakijaingia tangini kikae wiki mbili kwenye ndoo yenye pampu ya hewa na taa. Kwenye ndoo yangu ya mwisho walitoka kaa wawili na puto zipatazo kumi za Valonia, mwani wa vibofu vya kijani. Hizo puto zing'oe nzima nje ya tangi, usizipasue ndani.

Kwako wewe ningefanya hivi. Wiki hii lisha karatasi ya mwani asubuhi na jioni, bila kuweka mwani wowote mpya. Wiki ijayo weka Halimeda opuntia kichaka kimoja, mbele, palipo na mkondo wa wastani na taa nzuri, ukikibana kati ya mawe mawili bila gundi. Tasi atakuja siku ya kwanza, ataonja, atatema, mwache. Kikitoa visahani vipya kwa wiki tatu mfululizo, ongeza cha pili na Udotea moja mchangani. Piga picha alfajiri kabla taa haijawaka uziweke hapa pamoja na vipimo vyako vya kalsiamu na alkaliniti, nitaviangalia.