Kabla ya Kulipa Karo, Watazame Wanaofanya Kazi Shuleni

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waanze sekondari ya juu Januari 2026, wazazi wenzangu hapa Mombasa wamekuwa wakinijia na maswali kuhusu shule anakosoma binti yangu. Ni shule ndogo, iko kando ya mkono wa bahari upande wa kaskazini, na masomo yake mengi hufanyiwa nje: ndani ya mikoko, kwenye kitalu cha miche, ufuoni maji yakipwa. Wanauliza kuhusu majengo, karo, matokeo ya mitihani. Nawajibu ninavyoweza, kisha nami nawauliza: umeonana na wanaofanya kazi pale?

Shule kubwa ina mengi ya kumbeba mwanafunzi hata mwalimu mmoja akizembea. Ina maktaba, ina walimu wengine watatu wa somo lilelile, ina wanafunzi wa darasa la juu wenye daftari za mwaka jana. Shule ndogo ya kujifunza kwa vitendo haina akiba hiyo. Mtoto akiwa amezama matopeni hadi magotini, anachojifunza ni kile ambacho mtu mzima aliye kando yake anakiona na anajua kumwonyesha. Asipokuwepo mtu wa namna hiyo, ile ni matembezi tu.

Kwa hiyo nenda siku ya kawaida. Siku ya wazazi kila mtu amevaa vizuri na kila mche umemwagiliwa. Omba uende siku yenye somo la nje, usimame nyuma, ukae kimya, umsikilize mwalimu.

Mimi nilifuatana na darasa la binti yangu Haller Park, kule Bamburi. Historia ya mahali pale wengi wetu tunaisikia juu juu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu na maji ya chumvichumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika 3 tu. Mvinje ndio uliotamba, lakini majani yake yalirundikana juu ya mwamba bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo, wakayatafuna, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Mwalimu wa bayolojia angeweza kuyasema hayo yote getini kwa dakika tano. Hakusema. Aliwapeleka watoto chini ya mivinje, akawaambia wainame waangalie kilicho chini ya majani, kisha akauliza: huu udongo umetoka wapi, na hapa palikuwa jiwe? Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu hata mimi mzazi nikawa natamani kujibu. Mtoto mmoja akasema umeletwa na lori. Mwingine akasema upepo. Mwalimu hakumkosoa yeyote, aliwauliza tu wangethibitishaje. Ni kijana mmoja mpole sana, ambaye darasani haongei, aliyemwona jongoo na kuanza kumfuatilia.

Mwalimu wa kumtafuta ni huyo. Kujua majina ya ndege na miti ni jambo zuri, lakini wapo wajuzi wengi wasioweza kumwachia mtoto nafasi ya kufikiri. Ukimwona mwalimu nje anasoma maelezo kwenye karatasi na watoto wananakili wakiwa wamesimama juani, hilo ni darasa lililoondolewa paa.

Usisahau hesabu. Hapa nitasema wazi, maana nimewasikia wazazi wakidhani shule ya mazingira ni ya mtoto aliyeshindwa na masomo mengine. Si kweli, na shule inayokubali mawazo hayo uiepuke. Kwetu mwalimu wa hesabu huchukua jedwali za maji zinazochapishwa na Mamlaka ya Bandari, wanafunzi wakachora maji ya mwezi mzima, kujaa na kupwa. Wanaona wenyewe kwamba kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, na kwamba bamvua, yaani maji makuu, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hukaribia mita 4. Baadaye wanapima mzingo wa mikoko na mwinamo wa ufuo. Binti yangu alielewa grafu kupitia maji baada ya kuhangaika nazo sana ubaoni. Muulize mwalimu wa hesabu anafanya nini nje. Akikujibu kwamba yeye hatoki, kuwa somo lake ni la darasani, ujue mazingira ya shule hiyo yako kwenye bango tu.

Sasa nije kwa watu ambao wazazi wengi huwapita bila kuwasalimu.

Nahodha wa mashua ya shule yetu ni mzee aliyekulia kwenye uvuvi. Hana cheti cha ualimu. Lakini ratiba ya masomo ya nje haitoki bila yeye: mwalimu wa zamu huketi naye kila mwisho wa mwezi, wakapanga siku zipi maji yatapwa katikati ya asubuhi na siku zipi haifai kutoka. Yeye ndiye anayewafundisha watoto kuburuza nyayo wanapotembea majini penye mchanga ili wasimkanyage taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, na kutoingia mikokoni bila viatu kwa sababu ya chaza wanaokata kama wembe. Anawaonyesha mlilana, aina ya mti wa mikokoni, uliotangulia mbele kuelekea majini, na kuwaambia mafundi hutoa mataruma, zile mbavu za vyombo, humo. Anawaonyesha mkandaa, aina nyingine, ambao boriti za nyumba za kale zilitoka kwake. Mwalimu wa bayolojia yuko kando, naye anaongeza lake: aina iitwayo mkoko wenyewe huizuia chumvi mizizini, ile iitwayo mchu huitoa kwenye majani, lamba uone. Watu wawili, elimu mbili, na watoto wanaona jinsi wanavyoheshimiana.

Siku moja ya upepo wa kusi walikuja wageni wa kuutazama mradi wa miche. Mpango ulikuwa watoto na wageni wavuke mpaka kwenye mwamba. Nahodha aliutazama mlango wa bahari, akamwambia mwalimu mkuu, "Leo hatutoki." Mwalimu mkuu hakubishana, hakumvuta pembeni. Aliwageukia wageni akawaambia tutatembea mikokoni. Nilikuwepo. Tangu siku hiyo sijawahi kukaa roho juu binti yangu akiwa majini.

Basi, swali muhimu kuliko yote unapozuru shule ya aina hii ni hili: nani ana uwezo wa kusema leo hapana, na je, alishawahi kulisema? Muulize mwalimu mkuu, kisha mwendee nahodha au dereva au mtu wa shamba umuulize yeye pia, peke yake. Majibu yakitofautiana, fikiria tena. Mjuzi wa hatari asipokuwa na sauti mbele ya mwenye ofisi, jaketi za kujiokolea hazitatosha.

Vyeti navyo uviulize, bila haya. Kisheria kila mwalimu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu, na namba yake ya usajili si siri. Wasio walimu lakini wanakaa na watoto, wawe na cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Shule ndogo ina ukaribu mkubwa. Watu wazima na watoto wanalima pamoja, wanakula pamoja, wanapanda mashua moja. Ukaribu huo ndio uzuri wake, na ndio unaotaka mipaka iliyo wazi zaidi kuliko kwingine. Uliza kama kuna kanuni iliyoandikwa kwamba hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja peke yao mahali pasipoonekana. Uliza mtoto akiwa na lalamiko anamwendea nani, na kama huyo ni mtu mwingine asiye mwalimu mkuu. Shule nzuri haitakasirika. Itakuonyesha karatasi.

Kwa wenye mabinti kuna jambo ambalo halisemwi kwenye mikutano. Somo la nje laweza kuchukua saa nne mbali na choo. Msichana aliye kwenye hedhi atajificha, atasema anaumwa kichwa, na mwisho wa muhula utaambiwa hapendi masomo ya nje. Matroni wa shule yetu alilimaliza tatizo hili kimyakimya: kuna hema dogo linalobebwa kila safari, lina maji, sabuni na pedi, na msichana haombi ruhusa kwenda. Mama huyu pia ndiye aliyeshauri kuhusu mavazi. Wasichana wengi ni Waislamu, na sare yenye pindo refu ikilowa matope inakuwa nzito na hatari. Sasa wanavaa suruali pana na kanzu inayofika magotini, na mtandio mfupi unaobanwa vizuri. Hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya stara na somo. Uliza hayo kwa matroni, si kwa mwalimu mkuu, na utasikia kama kweli yamefikiriwa.

Ramadhani pia. Kwa kuwa mwezi wa mfungo unaanza na mwezi mwandamo, bamvua inaangukia mwanzo na katikati yake, na ndizo siku nzuri za kutoka. Walimu wetu hawafuti somo. Wanapunguza mwendo, wanaanza mapema, kisha kazi ya jua kali inaachwa na watoto wanashinda kitaluni chini ya kivuli cha makuti wakipanga mbegu na kuandika kumbukumbu. Wasiofunga wanapata chakula chao bila kufichwa wala kusimangwa. Kazi ya mpishi hupangwa kwenye kile kikao cha nahodha cha mwisho wa mwezi, sawa na ya walimu. Nililipenda sana hilo.

Udhaifu wa shule ndogo upo, na nitakuwa namhini msomaji nisipousema. Walimu ni wachache, hivyo mikondo na masomo ya kuchagua huwa machache. Sekondari ya juu ina mikondo mitatu (sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo), na shule ndogo haiwezi kuitosheleza yote kwa ukamilifu. Mtoto mwenye shauku ya muziki au lugha za kigeni huenda asimpate mwalimu wake hapo, na mapenzi yako kwa miti hayatamsaidia. Tena, mwalimu mmoja akiondoka pengo lake ni kubwa. Uliza kila mmoja amekaa muda gani, na nani anashika somo lake akiugua. Ukiona walimu wote ni wapya, uliza waliotangulia walikwenda wapi, na kwa nini.

Wengi wao huondoka kwa uchovu. Mwalimu wa shule ndogo anafundisha masomo mawili, anasimamia kitalu, anabeba kamba na sanduku la huduma ya kwanza, na usiku anajibu ujumbe wa wazazi. Hapo nasi tuna sehemu yetu. Karo ya shule kama hii ndiyo mshahara wa nahodha na mpishi, hakuna mfuko mwingine nyuma yake. Ukichelewesha, anayekosa hela ya unga si mwenye shule. Na ujumbe wa saa nne usiku kuhusu kiatu kilichopotea unaweza kusubiri asubuhi. Ukitaka kusaidia, toa ujuzi. Mzazi mmoja fundi wa mashua alikuja siku moja akakalafati chombo cha shule, yaani kuziba nyufa za mbao zake, pamoja na watoto, na mwalimu wa kemia akalifanya hilo kuwa somo. Msaada ule ulizidi keki zote tulizowahi kupeleka.

Ukishazungumza na watu wote hao, rudi mara ya pili na mtoto mwenyewe. Avae viatu vya kulowa. Mwache kitaluni na mtu wa shamba na wanafunzi wenzake, wajaze udongo, wapandikize, wachafuke, huku wewe ukiwa kwa mhasibu ukiuliza karo inalipwa vipi na kwa awamu ngapi. Mtakapokuwa kwenye matatu mkirudi nyumbani usimuulize kama shule ni nzuri. Muulize amejua jina la nani.