Pesa za mpira na msimu wa kusi

Nilitundika daluga nikiwa na miaka 31, goti la kulia limeshakataa kazi. Nikarudi kwetu Malindi na akiba yangu, na kabla wiki haijaisha nikanunua tuktuk. Nikampa binamu yangu aendeshe. Kila jioni alikuja na hadithi: leo abiria hakuna, leo tairi limepasuka, leo askari. Nikajikuta nampa mimi pesa ya mafuta.

Sikukoma. Nikajenga vyumba vitatu vya wageni. Desemba vilijaa, nikaona nimefika. Mwezi wa tano, mvua za masika zinamwagika na mahoteli mengi yamefungwa, nilikaa barazani nikihesabu matone.

Mjomba wangu, mvuvi, ndiye aliyenifungua macho. “Wewe umevua kaskazi miaka kumi,” akaniambia, “ukadhani kusi haiji.” Kwa mvuvi, kaskazi ni msimu wa bahari tulivu na mavuno; kusi, bahari huchafuka.

Mwanamichezo hupata pesa za maisha mazima katika miaka michache ya ujana. Wala ukubwa wa jina si kinga. Henry Rono, mwanariadha wa Kenya, alivunja rekodi 4 za dunia za mbio mwaka 1978 ndani ya siku 81, na baadaye akaishia kulala kwenye makao ya wasio na nyumba huko Marekani.

Kwa hiyo jilipe mshahara kutokana na akiba yako. Kilichobaki cha akiba yangu nilikiweka kwenye hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, kupitia Benki Kuu ya Kenya. Unaanza na shilingi 50,000 na riba huingia kila baada ya miezi sita. Nilitafuta inayolipa Mei na Novemba makusudi, ili Mei nisikope unga dukani. Kama ungali unacheza, anza sasa, goti likiwa zima.

Wauza viwanja vya ardhi nao watakufuata mpaka kitandani. Usitoe hata arubuni kabla hujaenda mwenyewe ofisi ya ardhi kuhakikisha hati ni ya nani.

Jamaa ndio mtihani mkubwa, maana huwezi kumfukuza mtu wa damu yako. Mimi nilimkabidhi Mama kiasi maalumu kila mwezi, na anayeomba namwelekeza kwake. Mama huuliza maswali ambayo mimi naona haya kuyauliza. Waombaji wakapungua zaidi ya nusu.

Binamu bado yuko na ile tuktuk. Nilimuuzia kwa kulipa kidogo kidogo, na tangu iwe yake, abiria hawajakosekana.