Mninga, lakini uwe mkavu

Ndugu, kati ya mninga na paina kwa meza ya kulia ya watu sita, chukua mninga. Mimi ni fundi seremala hapa Mabatini, na ninausifia kwa sababu moja kubwa: ukishakauka, mninga hausinyai wala kupinda ovyo kama mbao nyingine. Paina ni laini, hata kijiko kikidondoka kinaacha alama. Mkongo nao ni mgumu na unadumu, ila jiandae kuita vijana wanne kila unapotaka kuusogeza.

Tahadhari ni hii: mninga mbichi utakuaibisha kama mbao yoyote. Meza ikifungwa mbao zikiwa mbichi, ukifika mwezi wa saba na ukavu wake, unaanza kuona nyufa pale mbao zilipoungana.

Usinunue kwa kuangalia juu tu. Piga magoti, chungulia chini ambako vanishi haijafika. Mninga halisi una rangi ya kahawia yenye michirizi myekundu, na michirizi ya juu unaiona ikiendelea kwenye kichwa cha ubao. Ukikuta chini ni paina nyeupe au unga wa mbao ulioshindiliwa, hapo umeuziwa rangi. Shika kona uitikise pia; miguu iliyopigiliwa misumari tu inalia mapema.

Kwa watu sita, sentimita 180 kwa 90 zinatosha, kimo 75. Pima sebule kwanza, bakiza kama sentimita 90 nyuma ya viti.