SWR 1.1, na antena inayotazama nyuma

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimejenga yagi ya fito mbili ya mita 20. SWR ni 1.2, lakini nikiizungusha stesheni zinasikika vilevile. Nimekosea wapi?" Kwa mgeni wa redio ya ridhaa, yaani ya kujifurahisha: yagi ni antena ya fito inayorusha na kupokea zaidi upande mmoja, mita 20 ni bendi ya mawimbi ya 14 MHz hivi, na SWR ni kipimo cha jinsi redio na antena zinavyopatana, 1.0 ikiwa bora kabisa. Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia mdomoni. Swali hilo niliwahi kuwa nalo mimi, na sikuthubutu kumwuliza mtu.

Yangu nayo ilikuwa ya fito mbili, kwa 14.2 MHz. Gawanya 143 kwa megahezi unapata urefu wa ufito unaolishwa (ule unaounganishwa na waya wa redio), kama mita 10.07, na kiakisi, ule ufito wa nyuma, kinazidi kwa asilimia tano hivi. Nilinakili vipimo kwenye jedwali, nikapima mara tatu, nikakata. Bomba nene la alumini katikati, jembamba likichomekwa ndani yake, jembamba zaidi nchani, kama ufito wa kuvulia samaki. Habari za kuipandisha mlingotini naziruka, maana kila aliyewahi kufanya kazi hiyo anaijua. Nikachezea kiungo cha kulishia mpaka sindano ya kipima SWR ikalala kwenye 1.1. Usiku ule nilijiona fundi wa mafundi.

Kesho yake nikaielekeza kwa mzee mmoja wa redio ya ridhaa niliyezoea kuongea naye. Nikamwuliza ananipataje. "Umefifia kuliko ulivyokuwa na dipoli," yaani ile antena ya kawaida ya ufito mmoja. Nikamwambia labda hali ya hewa ya mawimbi ni mbaya. Akasema, "Mwanangu, hebu nipe mgongo." Nikazungusha. Sauti yake ikapanda palepale, na yangu kwake vivyo hivyo. Akacheka hewani, na wengine waliokuwa wakisikiliza wakajitokeza kucheka naye. "Gari lako lina gia ya nyuma tu!" Ni miaka sasa, na kicheko kile bado nakisikia nikishika koleo.

Kosa lilikuwa hili. Jedwali lilikuwa la bomba lenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Ufito unaopungua unene kuelekea ncha hujifanya mfupi kuliko unavyopimwa kwa futi, kwa hiyo kiakisi changu hakikufika urefu wa kuakisi. Tangu Uda na Yagi waieleze antena hii kule Japani mwaka 1926, siri ni ileile: ufito mrefu nyuma husukuma wimbi, mfupi mbele hulivuta. Kiakisi kikiwa kifupi kinageuka kivutaji, na antena nzima inatazama ulikoipa kisogo.

Na SWR? SWR haikujua lolote. Inakwambia tu kwamba redio na antena zimeelewana. Kizuizi cha kufanyia majaribio, kile kisichorusha wimbi hata hadi mlangoni, kinakupa 1.0 safi kabisa. Ndugu zangu, acheni kutumiana picha za sindano!

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujakata tena, sikiliza. Kwenye 14.100 MHz kuna mtandao wa vinara 18 duniani, yaani stesheni za kupimia mawimbi, vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, ingawa si vyote huwa hewani kila siku. Kila kinara kinataja alama yake kwa Morse, kisha kinapiga mistari minne mirefu: wati 100, 10, 1, na 0.1. Hiyo ni rula ya bure. Kielekezee uso, hesabu mistari unayoisikia. Kinaporudi baada ya dakika tatu, kiwe mgongoni, hesabu tena. Kila mstari unaopotea ni desibeli 10, yaani nguvu imepungua mara kumi. Rudia mara kadhaa, maana mawimbi hupanda na kushuka. Usipopoteza hata mmoja, una dipoli ya gharama. Ukiongeza, karibu kwenye chama changu.

Kama unaanza upya, anza na 28 MHz, bendi ya mita 10. Kila kitu ni nusu, hata kimo: mlingoti wa mita 5 unatosha kufanya kazi ambayo kwenye bendi ya mita 20 ingetaka mlingoti wa mita 10. Mimi nilihamia mstatili wa Moxon, antena ya fito mbili pia, waya juu ya fito za mianzi, takriban mita 3.8 kwa 1.4, ncha za fito mbili zikikunjwa kuelekeana. Linda ule mwanya kati ya ncha kuliko kitu kingine chochote, kwani ndio unaozima mawimbi ya upande wa mgongo. Waya wenye ganda la plastiki ukate mfupi kidogo kuliko ulio mtupu. Pima, sikiliza. Halafu pima tena, sikiliza tena.

Mwaka jana nilimkuta yule mzee kwenye bendi ya mita 10. Aliniambia naingia kwa nguvu, akauliza natumia bimu (antena ya kuelekeza) ya kampuni gani. Nikamjibu: waya na mianzi. Kimya kikapita. Nikamwomba asubiri kidogo, nikampa mgongo, nikamwita. Hakujibu mpaka nilipogeuka.