Kabla hujaomba kazi ya ukocha wa riadha chuoni Marekani

Kila ifikapo mwezi wa tano, vijana wetu wanaomaliza shahada huku Marekani hunitumia ujumbe unaofanana: "Kaka, miguu imechoka, lakini riadha siwezi kuiacha. Ukocha unapatikanaje?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja kwa simu mpaka usiku wa manane. Leo naandika hapa ili msome wote.

Mimi ni mzaliwa wa Mbulu, Tanzania. Nilikuja kwa ufadhili wa kukimbia, nikasoma, na sasa ni kocha msaidizi katika chuo kidogo cha Divisheni ya Pili (daraja la pili la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), majimbo ya kati, ambako upepo wa Januari unakata masikio. Njia hii haikuanza na sisi. Watanzania wenzangu Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga walisoma na kukimbia chuoni El Paso, Texas. Nyambui akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, na baadaye akawa kocha. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Kwa hiyo makocha wa huku wanatujua. Tatizo ni kwamba wanatujua kama wakimbiaji, na sisi wenyewe tunadhani hiyo inatosha.

Mimi nilidhani hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa wasichana wa mbio ndefu, nikawaandikia ratiba niliyokuwa nikiifanya mimi nyumbani: alfajiri kilomita kumi, jioni nyingine za taratibu, katikati ya wiki mbio za kasi, Jumamosi mbio ndefu. Kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza aliyezoea kilomita 40 kwa wiki alipokuwa sekondari. Kufika Oktoba nilikuwa nimempandisha mpaka 90. Alikuwa mtiifu, na utiifu wake ndio ulionipumbaza. Kila nikimuuliza mguu vipi, jibu lilikuwa moja: salama, kocha.

Jumanne moja nilimwona akishuka ngazi za jukwaa kiubavu, mkono kwenye reli, akiutua mguu wa kushoto polepole kama mtu anayepima maji ya moto kwenye beseni. Hajui kama namwangalia. Kipimo kikaonyesha ufa kwenye mfupa wa muundi. Msimu wake wa mbio za nyika uliishia hapo, na wa mbio za ndani ya ukumbi pia.

Kilichonichoma zaidi ni maneno ya mama anayehudumia majeruhi wa timu. Aliniambia binti huyo hakuwa ameona siku zake tangu Agosti, na kwamba chakula chake cha mchana kilikuwa sahani ya majani na tufaha moja. Mwili usiopata chakula cha kutosha unasimamisha hedhi, na mifupa nayo inapungua nguvu. Mimi nimekulia mahali ambapo mwanamume haulizi mambo hayo, na nilijificha nyuma ya malezi yangu. Nawaomba, msijifiche. Kama wewe ni mwanamume, huna haja ya kumhoji msichana uwanjani. Tafuta mapema mama au dada mwenye taaluma ya afya ndani ya timu, kubalianeni kwamba yeye ndiye wa kuambiwa, na wasichana wajue hivyo tangu wiki ya kwanza. Na kabla hujamwandikia mtu yeyote kilomita moja, muulize miezi sita iliyopita alikimbia kiasi gani. Anza pale alipo. Siku hizi nina daftari lenye ukurasa kwa kila mwanariadha, na mstari wa kwanza wa kila siku si muda aliokimbia, ni saa alizolala.

La pili ni gumu kwa Mwafrika Mashariki kulisikia: jifunze tufe. Jifunze kisahani, mkuki, miruko mitatu, viunzi. Chuo kidogo hakina fedha ya kuajiri kocha wa kila mchezo, na kwenye mashindano ya kanda mshindi wa tufe analeta pointi 10 zilezile anazoleta mshindi wa mita 10,000. Nilikaa msimu mzima wa baridi ukumbini nikibeba ule mzigo wa chuma wenye mpini wanaourusha ndani, kilo 15.88 wa wanaume, huku nikimtazama kocha wa marusho anavyosahihisha nyonga na unyayo. Nilianza bila kujua chochote. Masika yale alipopata kazi kwingine, mimi ndiye niliyekuwa naweza kusimama na wale vijana wanne bila kuwapotosha, na ndiyo sababu mkataba wangu ukaongezwa. Ningekuwa najua mbio ndefu peke yake, leo nisingekuwa hapa kuandika.

Kuhusu kusaka wanariadha, jueni kwamba ni nusu ya kazi, pengine zaidi. Divisheni ya Pili timu ya wanaume ina ufadhili kamili usiozidi 12.6, ya wanawake vilevile, na hizo zinagawanywa kwa wanariadha thelathini au arobaini wa nyika na uwanjani. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Maana yake vijana wengi unaowapigia simu hutawapa ufadhili kamili. Sema hivyo siku ya kwanza. Nyumbani kuna watu wanaochukua pesa za wazazi kwa kuwaahidi watoto wao vyuo vya Marekani. Kocha anayeficha hesabu anafanana nao machoni pa mzazi, hata kama nia yake ni njema.

Simu moja siisahau. Nilimpigia mzee mmoja wa Manyara kuhusu kijana wake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, za huko kwenye baridi?" Nikamweleza ada, chakula, masomo, mashindano. Akasikiliza kimya mpaka nikamaliza, kisha akauliza: "Akiugua usiku, nani atamgongea mlango?" Nilikuwa na majibu ya kila kitu isipokuwa hilo. Tangu hapo, kabla sijampigia mzazi, naamua kwanza ni nani atakayemgongea mlango huyo mtoto, kwa jina, na namtajia mzazi jina hilo.

Makaratasi nitayapitia haraka. Wengi huanza kama wasaidizi wanaosoma shahada ya uzamili: chuo kinalipa ada na kukupa posho ndogo. Kwa viza ya mwanafunzi, kazi ya ndani ya chuo haivuki saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Usikubali kocha mkuu akupeleke zaidi ya hapo, maana atakayepoteza viza ni wewe. Ukimaliza shahada unaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na ulichosomea, na ndani ya miezi hiyo chuo kiwe kimeshaamua kama kitakudhamini upate viza ya kazi. Anza mazungumzo hayo mapema, hata kama unaona aibu.

Na soma kanuni za NCAA mpaka zikuingie. Mwanafunzi akishuka chini ya mzigo wa masomo wa muda wote, kwa kawaida krediti 12 (uzito wa masomo) kwa muhula, haruhusiwi kukimbia. Wakati wa msimu huruhusiwi kuwashikilia kwa mazoezi na mashindano zaidi ya saa 20 kwa wiki. Nimewahi kuona timu ikimkosa mtu wake bora kwa sababu aliacha somo moja la takwimu na kocha hakuwa na habari. Mimi naangalia masomo yao kila Ijumaa.

Kwenye nyika, msisimame mwishoni mkimsubiri wa kwanza. Kwa kawaida kila timu wanakimbia saba, wanahesabiwa watano wa mwanzo, na timu yenye jumla ndogo ya nafasi ndiyo mshindi. Wa kwanza wako anajua njia. Mimi husimama kilomita ya sita au ya saba, mahali pasipo na watazamaji, nikimsubiri wa tano. Huyo ndiye anayefika pale akiwa amekata tamaa, na pale ndipo sauti yako ina kazi. Simwambii akaze. Namwambia anachoweza kukiona: jezi tatu za kijani, hatua ishirini mbele, wa kulia anapumua vibaya. Akipita mbili, jumla ya timu imepungua pointi mbili ambazo gazeti la chuo halitaziandika.

Nafasi nyingi za kazi hutangazwa Juni na Julai, misimu ikishaisha, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuandika barua. Mkiniandikia, msianze na muda wenu bora wa mita 5,000. Niambieni mmemfundisha nani, hata kama ni watoto wa shule ya msingi kijijini wakati wa likizo, walikuwa wangapi, na wangapi walirudi siku ya pili.