Maswali ya Wasomaji: Kamba Ikikatika Angani

SWALI: Nimeona picha ya mwanaanga wa mwaka 1984 akielea peke yake bila kamba, mtambo mgongoni. Mbona siku hizi wote wamefungwa kamba? Na ikikatika?

JIBU: Huyo ni Bruce McCandless, tarehe 7 Februari 1984, alipofika takriban mita 98 kutoka chombo chake cha angani, Challenger. Mtambo wake, MMU, ulipuliza naitrojeni kupitia nozeli 24. Mkono wa kushoto ulimsogeza, wa kulia ulimgeuza. Uliruka vizuri sana. Kazi ndiyo iliyokuwa ngumu.

Aprili mwaka huohuo George Nelson aliisogelea Solar Max, setilaiti iliyoharibika, ili aibane kwa kifaa cha kifuani. Alijaribu mara tatu, kibano kikagoma: kishikizo kidogo cha blanketi la kukinga joto kilikuwa kimezuia njia. Aliposhika paneli ya jua kwa mkono, setilaiti ikazidi kuyumba, kwani angani hakuna pa kukanyaga na kila unachokivuta kinakuvuta. Hatimaye mkono wa roboti wa chombo ndio ulioinasa. Novemba MMU ilisaidia kurudisha setilaiti mbili, kisha haikuruka tena. Kama mkono wa roboti unatosha, kwa nini kumwachia mtu aelee?

Sasa kamba. Warusi hutembea na ndoano mbili fupi: ya kwanza haifunguliwi mpaka ya pili ishike. Wamarekani huongeza SAFER, mtambo mdogo wa gesi wa mgongoni, iliyojaribiwa angani Septemba 1994. Hiyo ni ya kujiokoa tu: naitrojeni kama kilo 1.4, inayotosha kubadili mwendo kwa takriban mita 3 kwa sekunde, jumla yote.

Ukiachana na kituo cha anga, vuta kisanduku cha kuongozea kije mbele yako, washa kidhibiti kinachozuia mwili kuzunguka, usubiri utulie. Ndipo ugeuke kukitafuta kituo na kujisukuma. Ukijisukuma ungali unazunguka, gesi itakupeleka kusikojulikana.

Hesabu ni hii. Tuseme umeondoka kwa nusu mita kwa sekunde. Nusu mita ya kwanza inafuta mwendo huo, nusu mita nyingine inakurudisha, na nusu mita ya tatu inakuzuia usijibamize ukifika. Akiba imebaki mita 1.5 kwa sekunde, na hapo bado hatujatoa gesi iliyokwenda kutuliza mzunguko. Ukikosa kishikio mara ya kwanza, ya pili ni ya kubahatisha.