Megalodoni hayuko kilindini

Umeuliza kama megalodoni, wale papa wakubwa wa kale, bado wapo kilindini mwa bahari. Hapana, hawajajificha huko. Walitoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita. Walipenda maji ya vuguvugu na waliwinda nyangumi, ilhali kule chini ni baridi, giza na chakula kiduchu. Dude la ukubwa ule lingekufa njaa. Isitoshe, papa hudondosha maelfu ya meno maishani mwake, basi tungekuwa tunaokota meno mapya mpaka leo.

Na hili wengi hawalijui: ukipita kina cha mita 3,000, papa huwa nadra mno. Wapiga mbizi Piccard na Walsh waliposhuka ndani ya chombo chao hadi chini kabisa ya Mfereji wa Mariana, bonde lenye kina kirefu kuliko yote baharini, mwaka 1960, karibu mita 10,900, kilichowatishia maisha hakikuwa papa bali mgandamizo wa maji. Kioo kimoja cha dirisha kilipata ufa wakiwa njiani na bado wakaendelea kushuka (mimi ningegeuza palepale!).

Na kama unaogopa papa unapoogelea baharini, papa huua watu wachache sana kwa mwaka duniani kote. Mikondo ya maji inaua wengi zaidi, kwa hiyo kabla hujaingia uliza kwanza habari za mkondo.